Mistah: Neno Nililorudi Nalo Kutoka Darfur

Nilimjua kwa harufu kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa Ijumaa asubuhi mjini El Fasher, Novemba 2012, wiki yangu ya pili katika kikosi cha polisi cha UNAMID, ule ujumbe wa kulinda amani Darfur wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Nimejilaza kwenye kontena nawaza nyumbani, mara ikapenya harufu ya ng'onda anakaangwa. Mtu wa Tanga humdanganyi kwa harufu hiyo. Nikajifunga kanga, nikafuata pua hadi kontena la nne, nikamkuta mama mfupi mwenye fulana ya polisi wa Ufilipino anageuzageuza samaki wakavu kwenye jiko la umeme, na majirani zake wawili wamesimama mbali wameshika pua. Naona alishaandaa maneno ya kujitetea. Mimi nikamwonyesha sahani.

Kwao samaki huyo anaitwa tuyo. Wanamla asubuhi kwa wali wa jana uliokaangwa na kitunguu saumu, pembeni kuna siki. Tulikula tumekalia makreti ya maji, na hapo ndipo nikaona jambo la pili: yule mama alikula kama aliyemeza ufito. Mgongo wima, macho mbele, kijiko kinapanda moja kwa moja mpaka usawa wa mdomo ndipo kinaingia. Nikacheka, nikamuuliza kama ameumia mgongo. Akasema hapana, ni chuo. Miaka kumi imepita tangu ahitimu, lakini akishikwa na njaa sana mwili unarudi chuoni wenyewe.

Alitaka nimwite Ate, yaani dada mkubwa, maana ndivyo Wafilipino wote pale kambini walivyomwita. Mimi ndiye niliyemzidi kwa miaka miwili, lakini sikubisha. Nikamfundisha aniite Dada. Hivyo kila mmoja akawa mkubwa wa mwenzake, na mpaka leo hatujawahi kulimaliza hilo suala la nani mdogo.

Polisi wa aina yetu Darfur hatukubeba silaha. Nilipowaeleza watu nyumbani hawakuamini. Unafanyiwa mtihani wa Kiingereza, wa kuendesha gari na wa shabaha, halafu unapelekwa kwenye vita ambako hupewi hata rungu. Kazi yetu kubwa ilikuwa doria ya kuni katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, kusini mwa El Fasher. Wanawake wa kambini walitoka alfajiri na punda kwenda porini kutafuta kuni, na huko ndiko walikobakwa. Mama mmoja alinieleza hesabu ya familia yake bila kupepesa: mume akienda atauawa, mimi nikienda nitabakwa, basi naenda mimi. Sisi tulitembea nao, na nyuma yetu magari ya wenzetu wenye bunduki.

Ate alikuwa na kawaida moja iliyowachosha watu. Aliwahesabu wanawake wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, mmoja mmoja, kwa kalamu kwenye kiganja chake. Siku moja walitoka 62 wakarudi 61. Jua limeshakuwa kali, kamanda wa msafara anataka kuondoka, anasema huenda tulikosea kuhesabu. Ate akaketi chini, mchangani, mbele ya gari la kwanza. Tulikaa hapo saa nzima na nusu. Mwishowe ikaja habari kwamba yule mwanamke alikuwa ameshafika kwake kitambo. Punda wake alichechemea akakata njia ya mkato. Kamanda alitukana kwa lugha tatu. Ate akafuta kiganja kwa mate, akapanda gari, akalala. Jioni nilimwambia ametuaibisha. Akanijibu kwamba chuoni, hesabu ya paredi ikipungua mtu mmoja, halali mtu. Hawakumfundisha namna ya kulala nayo.

Basi nikaanza kumuuliza kuhusu hicho chuo.

Ni chuo cha taifa cha maafisa wa polisi cha Ufilipino. Kipo Silang, mkoa wa Cavite, kusini mwa Manila, kwenye kambi iitwayo Camp Castañeda. Kilianzishwa kwa amri ya rais mwaka 1977, enzi za Ferdinand Marcos na utawala wake wa kijeshi. Polisi ya taifa kama ilivyo leo ilizaliwa 1991 tu, ilipounganishwa na kutolewa jeshini. Yaani chuo ni kikongwe kuliko jeshi linalokitegemea, kama mtoto anayemlea baba. Mafunzo ni miaka minne, na unatoka na shahada ya usalama wa umma na cheo cha afisa. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba darasa moja hutoa watu wa aina tatu: polisi, zimamoto na magereza. Kwetu askari polisi anaenda Moshi, zimamoto wako Chogo kule Handeni, magereza wana vyuo vyao. Tunakutana ajalini hatujuani, tunagombania nani avute kamba. Wao wamelala hanga moja miaka minne, ndipo wakapewa sare tofauti.

Tena kila darasa hujipa jina. Jina la Kifilipino, lenye maana ya ushujaa au ulinzi au kitu cha namna hiyo, na jina hilo utakufa nalo. Nilimwambia hata JKT kwetu kila mkupuo una operesheni yake, yenye jina lake. Akataka kujua kama watu wa operesheni moja hutafutana baadaye. Nikasema hutafutana wakati wa harusi, kwa ajili ya michango.

Hapo ndipo nikalisikia neno. Mistah. Nilidhani ni "bwana", kumbe ni mtu wa darasa lako, awe mwanamume au mwanamke. Mistah si rafiki, rafiki unamchagua. Mistah ni yule mliyetambaa naye matopeni kwa kosa ambalo hakuna kati yenu aliyelifanya. Ate alisema mwaka wa kwanza kuruta hana jina wala haki ya kuegemea ukuta. Anayetawala maisha yake si mwalimu, ni kadeti wa mwaka wa juu, naye huyo juzi tu alikuwa anatambaa vilevile. Kosa la mmoja ni la wote. Mmoja akichelewa, wote mnaruka kichura. Nilimjibu kwamba hilo hana haja ya kunieleza, nimepita depo Moshi mwaka 1999 na magoti yangu yanakumbuka vizuri kuliko mimi.

Kipo pia kiapo cha heshima cha makadeti, nacho kina vipande vinne: hatudanganyi, hatufanyi hila, hatuibi, wala hatumvumilii miongoni mwetu afanyaye hayo. Ate alinitafsiria, nikakiandika kwenye daftari langu la doria. Vitatu vya kwanza niliviona vya kawaida, kila chuo cha askari kina maneno kama hayo. Kile cha mwisho nilikitazama sana. Nikamuuliza: mnawafundisha mwaka mzima kwamba kosa la mmoja ni la wote, mfichiane ili msiruke kichura, halafu mnawaambia wasivumiliane? Inakuwaje? Akanyamaza kidogo, akasema chakula kinapoa.

Julai 13, 2013 ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Ramadhani umeanza siku chache. Redio ikaleta kwamba msafara umeshambuliwa Darfur Kusini, karibu na Khor Abeche, na walioshambuliwa ni Watanzania. Mpaka jioni tukajua: askari 7 wa JWTZ wamekufa, wengine 17 wamejeruhiwa, wakiwamo polisi. Mimi nilikuwa El Fasher, mbali kabisa. Ate alikuja na tende na chupa ya maji, akakaa nje ya kontena langu tangu saa tisa mpaka adhana ya magharibi, bila kula wala kunywa, yeye Mkatoliki. Akaniuliza, "Ni mistah zako?" Nikasema hapana, wale ni wanajeshi, mimi polisi, hata majina yao siyajui. Akaniangalia kama sijaelewa swali.

Miezi minne baadaye ilikuwa zamu yangu kukaa nje ya kontena lake.

Kwao ni Palo, kisiwa cha Leyte, mji ulio jirani na Tacloban. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, Novemba 8, kimbunga ambacho dunia inakiita Haiyan na wao wanakiita Yolanda kiliingia visiwani kabla ya kupambazuka. Huku Sudan ilikuwa karibu saa sita usiku. Ate alikuwa kwenye simu na mama yake mpaka ilipokatika. Mama alikuwa anamweleza habari ya kuku, kwamba amewaingiza jikoni.

Watu wa pwani tunaujua upepo, lakini ule haukuwa upepo tu. Bahari yenyewe ilisukumwa ikaingia mjini kama mafuriko yaliyosimama wima. Ate alisema serikali ilitangaza mapema kwamba bahari itapanda, ila ilitumia neno la kitaalamu ambalo watu wengi hawakulielewa. Wangeambiwa tsunami wangekimbia milimani. Watu wasiopungua 6,300 walikufa. Siku zile hatukujua idadi. Tulichojua ni kwamba simu za Leyte zote zimekufa, na kwamba kwenye televisheni ya kantini kanisa kuu la Palo, alikobatizwa, linaonekana halina paa.

Alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Hakulia. Alichukua karatasi, akaandika majina ya darasa lake lote, yaliyobaki hai, kutoka kichwani, kwa mpangilio wa namba zao za paredi. Karibu na kila jina akaandika sare: polisi, zimamoto, magereza. Kisha mahali walipo. Halafu akaanza kupiga simu kwa wale ambao simu zao ziko mikoa yenye mtandao. Hakuwaomba wamsaidie. Nilikaa pale, nikasikia kila mara anataja jina la darasa, jina la mama yake, jina la mtaa, basi, anakata.

Aliyekuwa zimamoto Cebu alikuwa tayari anapanda boti kwenda Ormoc na wenzake wa uokoaji. Wa magereza alikuwa na dereva wa lori ambaye ndugu yake anapeleka mchele. Wa polisi Manila alikaa kwenye meza ya mawasiliano akawa anawaunganisha wote. Kutoka Ormoc mpaka upande wa Tacloban barabara ilikuwa imefungwa kwa miti na nguzo za umeme, na mahali pengine kwa maiti. Yule wa zimamoto alimaliza kazi aliyotumwa, na saa zake za kulala akazitumia kutembea kwa miguu hadi Palo. Siku ya sita ikaja picha. Mama mzee ameketi kwenye ngazi za shule, kanga ya mtu mwingine mabegani, kashika kipande cha boksi kilichoandikwa tarehe na jina la darasa lao. Jina la darasa, si jina la binti yake. Ndipo Ate akalia, na mimi nikalia, na yule jirani aliyeshika pua siku ya ng'onda naye akalia.

Baba yake hakuonekana tena.

Nimeandika haya kirefu kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji amhukumu haraka, yeye au darasa lake. Siku zile za mwanzo magazeti yaliandika kwamba polisi wengi wa Tacloban hawakuripoti kazini. Ate alikasirika, akasema watu wanasahau kwamba polisi naye ana mtoto wa kumtafuta kwenye matope. Lakini katika kukasirika kwake alisema pia kwamba wale wachache walioripoti, ambao nao hawakujua watoto wao wako wapi, hatawasahau. Vyote viwili alivisema kwa pumzi moja.

Nilirudi Tanzania 2014 nikapangwa kwenye dawati la jinsia na watoto, kituo ambacho sitakitaja. Ate akarudi kwao. Tukabaki na WhatsApp.

Januari 2015 alinitumia picha ya mishumaa bila maneno. Nikafungua taarifa ya habari: tarehe 25, mahali paitwapo Mamasapano, mkoa wa Maguindanao, makomando 44 wa kikosi maalumu cha polisi wameuawa katika operesheni ya kumsaka mtengeneza mabomu wa Kimalaysia aliyejulikana kama Marwan. Walimpata na kumuua, lakini vikosi viwili vilizingirwa mashambani, mmoja baada ya mwingine wakaishiwa risasi, na msaada ukachelewa. Miongoni mwa maafisa waliokufa walikuwamo wahitimu wa Silang, wadogo zake chuoni. Serikali ikatangaza Januari 30 kuwa siku ya maombolezo ya taifa. Ate alikuwa na hasira iliyodumu miezi. Kila akizungumza anarudi kwenye swali moja, nani alijua nini na saa ngapi. Nilimwelewa. Askari akifa kwa kupambana, unazika. Akifa kwa sababu wakubwa hawakuzungumza wao kwa wao, huzikiki moyoni.

Halafu ikaja 2016, akaingia rais mpya, Rodrigo Duterte, aliyeahidi kumaliza dawa za kulevya kwa mtindo wake. Operesheni ile iliitwa Tokhang, neno lililounganishwa kutokana na "kubisha hodi" na "kusihi". Jina zuri. Polisi wanakwenda mlangoni, wanabisha, wanasihi. Kwa hesabu za serikali yenyewe, mpaka utawala ule unaisha 2022 zaidi ya watu 6,000 walikuwa wameuawa katika operesheni za polisi, na mashirika ya haki za binadamu yanasema jumla ya waliokufa ni kubwa kuliko hapo. Taarifa zilifanana: mshukiwa alichomoa bastola, askari wakajihami. Agosti 2017 mvulana wa miaka 17 akauawa Caloocan, na taarifa ikasema hivyohivyo, ila safari hii kamera ya mtaani iliwaonyesha askari wakimkokota.

Meseji za Ate zikawa fupi. Nikiuliza habari za kazi, ananitumia picha ya mtoto.

Desemba 2018 nilikwenda Ufilipino. Nilikuwa nimebakiza akiba kidogo ya posho za Darfur, na Ate alikuwa anambatiza mtoto wake wa pili. Kutoka Manila nilipanda basi la kwenda kusini, likapanda taratibu kwenye barabara ya Aguinaldo mpaka hewa ikawa ya baridi kama ya Lushoto. Silang ni mji wa mananasi na kahawa. Taa za Krismasi za umbo la nyota zimetundikwa kila mlango, hata kwenye kibanda cha kuuzia vocha. Ate alikuwa amehamishiwa karibu na chuo, na siku moja kabla ya ubatizo alinipeleka hadi kwenye uwanja wa paredi. Tulisimama pembeni. Makadeti wanapita kwa kwata, kola nyeupe, uso wa mbao. Niliwaonea huruma na wivu kwa pamoja.

Nilijua, kwa sababu ilitangazwa sana, kwamba Machi ya mwaka huohuo maafisa sita wapya walipigwa na wadogo zao mara tu baada ya sherehe ya kuhitimu, kulipiza kisasi cha yale waliyotendwa walipokuwa makuruta. Nikamuuliza. Ufilipino ina sheria ya kukataza mateso ya kukaribishana vyuoni tangu 1995, na mwaka huo wa 2018 waliifanya kuwa kali zaidi. Ate akasema aliyepigwa huona haya kusema kwa sababu ataonekana ameisaliti familia. Akaongeza, kama anayejisemea, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumtaja aliyemvunja kidole mwaka wa kwanza. Akanionyesha kidole. Kimepinda. Miezi mingapi tulikula naye tuyo, sikuwahi kukiona!

Ubatizo ulikuwa mzuri. Mtoto alikuwa na wasimamizi 14, na 9 kati yao walikuwa mistah. Kwao msimamizi wa ubatizo anakuwa ndugu wa wazazi moja kwa moja, kwa hiyo darasa linaoana na darasa bila ndoa. Mimi Muislamu nilikaa benchi la nyuma. Nyumbani kulikuwa na nguruwe mzima wa kuchoma, na Ate alinipikia chungu changu peke yangu cha samaki wa maziwani, akakaa mlangoni kuhakikisha kijiko cha mtu mwingine hakiingii. Yule zimamoto wa Cebu alikuwapo. Mtu mnene, mcheshi, mlevi kidogo. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikakosa la kusema.

Usiku, watu wameondoka, Ate akateremsha ukutani picha ya darasa. Akaanza kupitisha kile kidole kilichopinda. Huyu zimamoto. Huyu magereza, ana kisukari. Huyu kafariki, pikipiki. Huyu ndiye aliyekaa kwenye simu Manila. Kikafika kwa kijana mmoja mrefu safu ya pili, kikaruka kikaenda kwa anayefuata. Nikakirudisha kwa mkono wangu. "Na huyu?"

Akasema alikuwa mkuu wa kituo kaskazini mwa Manila mwaka 2016 na 2017. Hakusema zaidi. Nikasubiri. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, mahakama ilikuwa imewahukumu askari watatu kwa mauaji ya yule mvulana wa Caloocan. Huyu hakuwa mmoja wao wala kituo hakikuwa hicho. Nikamuuliza kama anajua kitu. Akasema anajua vitu viwili. Cha kwanza, bunduki moja ya zamani ilionekana kwenye ripoti mbili za vifo tofauti, miezi mitatu mbalimbali, na yeye aliziona ripoti zote mbili kwa sababu ya kazi yake. Cha pili, siku za Yolanda, lori lililobeba mchele mpaka Palo, dizeli yake ilinunuliwa na huyo.

Nikamkumbusha kipande cha mwisho cha kiapo. Nilikuwa mkali, naona haya sasa. Akaniuliza, "Dada, wewe umewahi?"

Nikasema ndiyo. Nilidanganya.

Miaka mitatu baadaye lilinijia la kwangu. Mama mmoja alimleta dawatini mtoto wa miaka 11. Tukatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari akaijaza, jalada likafunguliwa, mtuhumiwa mfanyabiashara mwenye gari mbili za abiria. Wiki ya tatu nikaenda kuulizia, jalada halina PF3. Wiki ya nne hakuna jalada. Mpelelezi alikuwa mwenzangu wa depo, Moshi 1999. Kwenye matembezi ya usiku, kifundo changu cha mguu kilipoteguka, huyu ndiye aliyebeba bunduki yangu na begi langu juu ya lake, kilomita nane, akiimba chenja ili mkufunzi asione kwamba sitembei sawasawa. Angegundulika, wote wawili tungerudishwa nyumbani.

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Nilimfuata, nikamwambia arudishe jalada, tulimalize. Akacheka, akasema, "Afande, sisi depo moja." Hakusema kwa vitisho. Alisema kwa upendo kabisa, na nadhani ndicho kilichonitoa. Nikaandika taarifa. Nakala ya PF3 ilikuwa hospitali, na mama wa mtoto alikuwa ameipiga picha kwa simu yake. Mwenzangu alishtakiwa kijeshi, nikaitwa, nikasema nilichokiona. Alifukuzwa kazi. Kesi ya mtoto ilifufuliwa, na mtuhumiwa akafungwa.

Kundi letu la WhatsApp lina watu 71. Hakuna aliyenitoa. Ila nikiandika kitu, hata salamu ya Idi, panakuwa kimya mpaka mtu mwingine aandike kitu kingine.

Nilimwandikia Ate nikamweleza yote, na kwamba ule usiku wa Silang nilimdanganya. Alijibu baada ya siku mbili. Aliandika kwamba alijua nilidanganya, kwa sababu nilijibu haraka. Yake mwenyewe hakuyagusa. Tumeendelea hivyo. Machi 2025, rais yule mstaafu alipokamatwa uwanja wa ndege wa Manila na kupelekwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na afisa aliyesimamia ukamataji akiwa mhitimu wa chuo chao, Nicolas Torre III, darasa la 1993, Ate alinitumia neno moja tu: "Silang." Juni mwaka huo Torre akawa mhitimu wa kwanza wa chuo hicho kuwa mkuu wa polisi ya taifa, kabla yake vyeo hivyo vilizoeleka kwa watu wa chuo cha jeshi cha Baguio. Hakumaliza miezi mitatu, akaondolewa. Nikamuuliza Ate ana maoni gani. Akanitumia picha ya mtoto.

Mama yangu alifariki 2023. Nilipokuwa depo mama wa mwenzetu mmoja alifariki, tukaenda Singida mabasi mawili. Kwa mama yangu walikuja watu tisa. Niliwahesabu wakiingia na wakitoka, nikajikuta nimeandika kwenye kiganja. Kutoka Ufilipino zilikuja pesa za rambirambi, na ujumbe uliotiwa saini kwa jina la darasa, si kwa jina la Ate.

Siku ya arobaini, tumeshasoma hitma, pilau inapakuliwa, niliona wanaume wanasogea mkekani kumpisha mtu. Alikuwa yeye. Amekonda, kavaa kanzu iliyofifia. Hakunitazama. Alikula na wenzake sinia moja, akanawa, akaondoka na kundi la kwanza. Usiku kaka yangu alinipa daftari la rambirambi nilipitie. Ukurasa wa tatu, mstari wa chini kabisa, kwa mwandiko ninaoujua, kaandika jina lake, namba yake ya depo, na 20,000/=.